Nguzo ya Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Programu ya kuchorea ramani za nyumba imeganda tena. Nilikuwa naizungusha nyumba ya mwalimu mstaafu niione upande wa jikoni, skrini ikawa nyeupe kama jicho la samaki aliyeiva. Kazi ya asubuhi nzima — imekwenda na maji. Siku hizi kila nikibofya nabana pumzi.

Nikampelekea kompyuta yule fundi wa mtaa wa pili ambaye kila mtu anamwita Daktari. Hakufungua hata skrubu moja. Alikaa, akautazama mchoro, akatikisa kichwa. Akasema nimeitwisha mashine mzigo wa punda watatu: miti ya bustani, makochi, mapazia, vivuli vya jua, vyote vinaonekana kwa mpigo. Zima usivyovihitaji, akasema, uone kama haitapumua.

Naandika hapa nisisahau. Vivuli vizimwe wakati wa kuchora. Samani na miti vikae kwenye matabaka yake, kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya mchoro, na matabaka hayo yafungwe yasionekane. Kuhifadhi kila ninapoinuka kitini, tena kwa jina jipya, si juu ya faili lile lile.

Kweli, nyumba sasa inazunguka laini kama feni. Lakini bado naitazama skrini kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nimechapa mchoro wa mwalimu. Ngazi haipo.

Kwenye skrini ipo. Kwenye karatasi, mahali pa ngazi pamebaki peupe. Nikacheka peke yangu: mwalimu na magoti yake atapandaje ghorofani, kwa kamba? Nikachapa tena. Haipo. Nikampigia Daktari.

Akaniambia nitazame matabaka. Pembeni ya kila tabaka kuna alama ya jicho, na pembeni ya jicho kuna alama ndogo ya printa. Jicho ni la skrini, printa ni ya karatasi. Ukilifunga tabaka, vyote viwili vinazimika. Ukilifungua, jicho linarudi — printa inabaki imekatwa mstari mpaka uiwashe mwenyewe. Imewachezea wengi hiyo, akasema.

Jana nililifunga tabaka la ngazi pamoja na mengine, kisha nikalifungua; nikawasha printa yake. Ngazi ikatoka.

Nilikuwa naviringisha karatasi nilipoikumbuka nguzo.

Nguzo ya sebuleni kwa mdogo wangu. Shemeji, yaani mumewe, hakuitaka tangu siku ya kwanza. Alisema sebule yenye nguzo katikati ni soko, si nyumba ya mtu. Injinia akasema slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofani, itaegemea wapi, chumba chenyewe ni kipana hivyo? Wakavutana mezani kwangu mpaka chai ikapoa. Mimi, kutafuta suluhu, nikaiweka ile nguzo kwenye tabaka la peke yake, nikawa naifunga na kuifungua, shemeji aione sebule ikiwa nayo na ikiwa haina. Mwisho injinia akashinda. Nikaifungua. Nikachapa.

Nimelifungua faili lile.  Jicho liko wazi. Printa imekatwa mstari.

Nikaitafuta nakala ya karatasi iliyobaki kwangu. Sebule safi, kama sahani iliyooshwa. Karatasi kama hiyo ndiyo niliyompa fundi mkuu mkononi, nikamwambia ajenge kama ilivyo.

Nimempigia mdogo wangu, nikauliza tu wamefika wapi. Akajibu kwa furaha: dada, slabu imeshamwagwa tangu mwezi uliopita, wiki hii wanatoa mbao! Akauliza mbona nahema. Nikasema napanda ngazi.

Kwangu hakuna ngazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda. Kwa nje nyumba ni nzuri, hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Madirisha yamekaa sawa, kuta zimenyooka. Ndani ni msitu wa mirunda — miti iliyosimamishwa toka sakafuni kushikilia mbao, na juu ya mbao lile zege lote. Niliingia nimeinama, ingawa kichwa changu hakifiki hata karibu na mbao.

Fundi mkuu wanamwita Mzee Timazi, kwa kuwa haamini ukuta wowote, hata aliojenga mwenyewe, mpaka autundikie timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia wima. Mtu wa taratibu. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, au niliyodhani ni ya kawaida:

“Hapa katikati hakuna nguzo?”

“Kwenye ramani yako hakuna, mama.”

“Hukuona ajabu?”

“Niliona. Nikauliza. Mwenye nyumba akaniambia shemeji yake, yaani wewe, ameshabadilisha. Nikasema, kama mchoraji na mwenye nyumba wameelewana, mimi nani?”

 Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka, likatoka swali jingine kabisa: mirunda inatolewa lini? Ijumaa asubuhi, akasema, lori linakuja kuichukua, inasubiriwa kwenye kazi nyingine. Nyuma yake vijana wa zege walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha slabu, wanakula, mmoja ameegemea mrunda na miguu kainyoosha.

Nimerudi nyumbani bila kusema. Naandika nione linavyosomeka: nimerudi bila kusema.

Simu ya injinia haipatikani. Nimemtumia ujumbe. Nimeufuta, nimeuandika upya, nimeutuma.

Mchana kutwa nimefungua kila nyumba niliyowahi kuchora kwa programu hii. Tabaka kwa tabaka, alama kwa alama.  Nimekuta bustani moja isiyochapika, na kabati la viatu. Ingekuwa afueni. Siisikii.

Alhamisi, 7 Machi

Injinia amepiga. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja, jicho, printa, tabaka. Akauliza jambo moja tu. 

“Kuna mtu anapita chini yake?”

“Mafundi wanakula pale. Kwenye kivuli.”

“Waondoke. Na mrunda hata mmoja usiguswe, unanisikia? Hata mmoja. Niko mbali, nitafika kesho mchana. Tutaona kama nguzo inaweza kuingizwa kwa chini.”

Akakata bila kuaga. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikampigia Mzee Timazi. Safari hii nikasema. Akavuta pumzi, akasema vijana watakulia nje, chini ya turubai. Halafu akaongeza polepole: “Lakini mama, mirunda si yangu na nyumba si yangu.”

Jioni nikaenda kwa mdogo wangu. Alinikaribisha kwa kicheko, akanionyesha vitambaa vya mapazia. Vya sebule. Nikamwomba akae. Shemeji alikuwa anavua viatu mlangoni.

Nikasema. Sikupamba.

Shemeji hakukasirika mara moja. Alikaa, akatabasamu upande mmoja.

“Kwa hiyo nguzo imerudi.”

“Haikuondoka, shemeji. Haikuchapika.”

“Siku uliponiletea ramani nilikushukuru moyoni. Nikasema, hatimaye mwanamke huyu amenisikia.”

“Sikukusikia. Ni printa.”

“Printa.” Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema paka ndiye aliyevunja glasi. “Dada yangu, zege si uji. Limekauka. Mimi mwenyewe nimepanda juu yake, nimeruka hivi.” Akainuka akaruka, na kabati la vyombo likalia.

“Uliruka mirunda ikiwa chini yake.”

“Injinia huyo anatafuta kuonekana ana kazi. Sitaki kusikia soko sebuleni kwangu.”

Mdogo wangu alikuwa bado ameshika vile vitambaa. Akauliza, bila kumtazama yeyote: “Dada, likianguka linaangukaje?”

“Sijui. Labda litapinda kwanza, litoe nyufa, watu wakimbie. Labda lisipinde.”

“Unamtisha mke wangu,” shemeji akasema.

“Mimi mwenyewe naogopa.”

“Basi ogopa kwako. Kesho mirunda inatoka. Njoo uone slabu inavyosimama, roho yako itulie.”

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka nje. Aliushika mkono wangu kama zamani tulipokuwa tunavuka barabara, ila siku zile mimi ndiye niliyekuwa namshika. Akasema mumewe si mtu mbaya, amejenga nyumba hii kichwani tangu walipooana, na kichwani mwake haikuwa na nguzo. Nikasema najua. Akasema, kesho usije. Halafu akasema, njoo.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye lundo la mchanga nje ya nyumba. Nisiposhika kalamu nitashika kichwa nipige kelele, na tumekatazwa kelele.

Lori lilikuwepo nilipofika. Mzee Timazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani. Alikuwa ameshamwambia shemeji hagusi kitu mpaka injinia afike. Vijana wake nao wakageuka kutazama pembeni, kila mmoja amepata ghafla kitu cha kufuta kwenye viatu. Dereva akasema yeye kazi yake ni kupakia.

“Basi nitaitoa mwenyewe,” shemeji akasema, akachukua nyundo.

Nikasimama mlangoni. Nikamwambia injinia yuko njiani, saa hizi amekaribia, subiri tu. Nikamwambia nitaisimamisha nguzo kwa mikono yangu, nitaibebea mchanga kwa kichwa, nitaichora nyembamba, nitaizungushia rafu za vitabu, isionekane ni nguzo. Akanisogeza kando. Si kwa nguvu. Kama mtu anayesogeza pazia.

Alianzia pembeni, upande wa jikoni. Akagonga kabari, kile kipande cha mbao kinachoukaza mrunda kwa chini. Mrunda ukalegea, akauvuta, akaulaza. Hakikutokea kitu. Akageuka akaniangalia.

“Umeona?”

Akang’oa wa pili. Kitu hakuna. Nilianza kuwaza labda mimi ndiye mjinga, labda injinia amezidisha hesabu, na nikasikia aibu — nikaipenda ile aibu, nikaiomba ibaki.

Akasogea katikati. Akagonga kabari ya mrunda wa tatu, ikatoka.

Sauti iliyotoka juu, kwenye zege, haikuwa kubwa. Kama mtu anayevunja biskuti chumba cha pili. Halafu vumbi, jembamba, likamwagika begani kwa shemeji kama chumvi.

Shemeji aliangusha nyundo. Mrunda ulikuwa umeanza kuinama. Akaudaka kwa mikono miwili, akausukuma urudi ulipokuwa, akabaki hivyo hivyo.

Mzee Timazi hakukimbia. Aliinuka kwenye ndoo yake, akaingia ananyata kama anayeingia chumba cha mgonjwa, akasema kwa sauti ya chini: “Usiuachie. Usiusukume sana, na usiuachie.” Akamwomba kijana mmoja amrushie kabari kutoka dirishani, wengine wote akawaambia watoke mpaka barabarani. Dereva amelirudisha lori nyuma bila kuambiwa.

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Nawaona kwa kupitia dirisha lisilo na fremu. Mzee Timazi amepiga magoti, anarudisha kabari kwa kiganja, si kwa nyundo. Ameusimamisha upya mrunda mmoja upande wa jikoni. Wa pili bado umelala. Shemeji yuko pale pale. Shati limemganda mgongoni. 

Mdogo wangu amefika na chupa ya chai. Nimemkumbatia kiunoni kumzuia asiingie, na ana nguvu kuliko nilivyodhani. Ameketi sasa. Amemwita mumewe mara moja tu. Hakugeuka.

Injinia ametuma ujumbe: amekwama kwenye msongamano wa magari, anakuja kwa miguu.

Shemeji amesema kitu. Nimesogea dirishani nisikie.

“Shem. Ile nguzo ilikuwa ikae hapa niliposimama?”

“Kidogo kushoto kwako.”

Amegeuza macho kushoto, kichwa hakikusogea. Kulikuwa na sakafu tupu tu pale, na vumbi.

“Ichore,” amesema.

Nilitaka kumjibu. Mzee Timazi ameinua mkono, tunyamaze wote. Ameweka sikio kwenye mrunda. Anasikiliza.