Aliyetoka kwa Dirisha Gachoka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimekasirika mpaka nimempa mteja dawa ya kupe badala ya dawa ya minyoo. Amerudi, tumebadilishana, ameniangalia vibaya. Ana haki.

Sababu ni Maxine, yule msichana wa Meru anayeandika historia ya bendi za roki za huku mlimani. Leo amenitumia kurasa zetu kwa simu. Kurasa za Radi ya Ena, bendi yetu! Miaka ishirini na sita, na hatimaye kuna mtu ametuandika. Nimefunga mlango wa agroveti, duka langu la dawa za mifugo, saa nne asubuhi nisome kwa raha zangu.

Nikafika mahali pa Gachoka, onyesho letu la kwanza. Eti: nyuki walipovamia ukumbi, mpiga ngoma, Igoki, aliruka akatoka kwa dirisha la kushoto, lile lenye kioo kilichopasuka. Nthiga akaacha gitaa la besi, akaketi kwenye ngoma, akamaliza wimbo.

Mimi! Kwa dirisha!

Chini imeandikwa: "Kumbukumbu za Kailemia, mpiga gitaa." Nthiga tulimzika miaka sita iliyopita, kwa hivyo hawezi kuulizwa. Kailemia anakumbuka, basi imekuwa historia. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Maxine. Binti mpole, ila kichwa ngumu. Anasema Kailemia anakumbuka kila kitu — siku, saa, rangi ya mashati, hata ufa wa kioo. "Auntie, mtu anaweza kukumbuka crack ya dirisha na asahau nani alipita hapo?"

Swali zuri. Nikaanza kupiga kelele.

Akaniomba nieleze yangu, anarekodi. Nikaeleza. Hatukuwa na ngoma kubwa, ile ya kupigwa kwa mguu. Nani angeinunua? Nikachukua mzinga wa babu, gogo zuri la mti, nikaziba mdomo mmoja kwa ngozi ya mbuzi. Kwetu Mbeere mizinga ni kazi ya wanaume, kwa hivyo sikuuliza mtu. Ningeuliza, babu angeniambia kwamba ule alikuwa ameshaupaka nta ndani, tayari kuutundika mtini. Nta ndiyo mwaliko wa nyuki. Saa tisa alasiri, jua kali, ukumbi wa Gachoka umejaa, tuko kwenye wimbo wa pili — kundi zima likaingia. Hawakuja kutuuma. Walikuja kuhamia! Nami nikawa napiga nyumba yao kwa teke.

Nikamwambia sikuondoka. Niliumwa mpaka macho yakafura yakafunga, na nikapiga hadi mwisho. Tulibaki wawili, mimi na Nthiga. Regina, mwimbaji wetu, alikuwa wa kwanza kukimbia. Maikrofoni yake niliiona sakafuni kabla macho hayajafunga.

Maxine anasema sasa ana kumbukumbu mbili na hajui ashike ipi. Je, nina ushahidi? Picha? Chochote? Kitabu kinaenda kwa mchapishaji wiki ijayo, uzinduzi Jumamosi ya tarehe kumi na sita, Meru mjini.

Ushahidi! Uso wangu ulikuwa kama boga wiki nzima. Huo si ushahidi?

Alhamisi, 7 Agosti

Kivuti anasema niache. Mume wangu ni mtu wa amani, hata kuku akiingia nyumbani anamwomba atoke. "Kitabu ni kitabu tu, mama. Nani atasoma?"

Mimi nitasoma! Nimeuza dawa za ng'ombe miaka kumi na tisa. Hakuna atakayeandika kuhusu hilo, na sawa tu. Lakini siku moja maishani niliogopa na sikukimbia. Ni hiyo moja tu. Mkiichukua mnaniachia nini?

Nimempigia Kailemia. Tumesalimiana vizuri, "Muga, Igoki," habari za mifugo, halafu tukagombana. Anaapa. "Hilo dirisha naliona mpaka leo. Naona mkono umeshika fremu. Naona damu kidogo hapa kwa kidole. Siwezi kukudanganya."

Na kweli hakusikika kama mwongo. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Mwongo unamjua, unamwacha. Mtu anayeamini utamfanya nini?

Jioni nikiosha vyombo nikakumbuka — Mwendwa! Kakake Regina. Alikuwa na redio-kaseti ameipakata mbele kabisa, anarekodi! Regina hatupi kitu. Jumamosi naenda kwake Kibugu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kibugu. Baridi ya kuuma mifupa, manyunyu tangu asubuhi. Nimemkuta Regina ndani ya majani chai, kikapu mgongoni, anachuma kwa mikono miwili bila kuangalia. Amezeeka vizuri kuniliko, nasema ukweli.

Hatujagombana kamwe, mimi naye. Ni vile tu tulipoa. Baada ya Gachoka hakuja kuniona nilipokuwa nimelala na uso wangu ule, nami nikaona basi. Tunaonana kwenye harusi na mazishi.

Amenipa chai ya maziwa na nduma za kuchemsha. Nikamweleza shida. Akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani kaseti mbili na picha za ubatizo. "Hii ndiyo ya Gachoka."

Nikamuuliza kama ameisikiliza.

"Kitambo sana."

"Na mimi niko? Ngoma haikunyamaza?"

Akanimiminia chai nyingine. "Enda usikilize mwenyewe, Igoki. Usije ukasema nilikuambia."

Nikadhani anaona aibu kwa vile alikimbia. Nikamhurumia. Nikamshika bega nikamwambia yalipita, kila mtu angeogopa. Akacheka kidogo, akarudi kwa majani yake.

Jumatatu, 11 Agosti

NIMESHINDA!!!

Niandike pole pole. Saa mbili nilikuwa kwa mlango wa Gichovi, fundi wa redio hapa Embu, kabla hajafungua. Kaseti ilikuwa na ukungu. Gichovi akaifungua kwa bisibisi ndogo, akaipangusa kwa pamba na spiriti, inchi kwa inchi, huku ananiambia nisipumulie karibu. Mimi nilikuwa sipumui kabisa.

Akaiweka. Kelele ya upepo. Halafu — sisi! Vijana! Wimbo wa kwanza, vibaya, haraka sana, Mungu wangu tulikuwa na haraka ya wapi? Wimbo wa pili. Katikati, mtu wa mbele anapiga yowe la nyuki, "Njũkĩ! Njũkĩ!" Viti vinaanguka. Gitaa la Kailemia linalia kama paka aliyekanyagwa mkia, mlio wa waya kung'olewa, halafu kimya cha gitaa. Kimya moja kwa moja.

Na ngoma? Ngoma inaendelea! Du-du, kah! Du-du, kah! Na chini yake besi ya Nthiga, imeshikana na ngoma kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja. Nthiga alikuwa na mikono miwili. Angeshika besi saa ngapi na vijiti saa ngapi? Ni mimi! Ni mimi! Gichovi aliweka kikombe chini akasema, "Mama, wewe ulikuwa mgonjwa wa akili." Sijawahi kupewa sifa tamu kama hiyo.

Nimelia dukani kwa watu. Sijali.

Gichovi akaiweka kwa simu, nikamtumia Maxine hapo hapo. Baada ya nusu saa akapiga, anapiga kelele kuniliko. Amesimamisha mchapishaji. Anaandika upya ukurasa mzima, unaitwa "Igoki Hakukimbia", na yale yote niliyomweleza anayaweka neno kwa neno, maana sasa kumbukumbu ya kuaminika ni yangu.

Yangu! Nimemnunulia Kivuti nyama kilo mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Kailemia amepiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimepanga maneno tangu jana. Hakunipa nafasi.

"Nimesikiliza mara nne," akasema. "Gitaa ndilo linanyamaza."

"Ndiyo."

"Basi ule mkono kwa fremu ni wangu."

Nikashindwa kucheka. Anasema ameenda kuangalia kidole chake na kovu liko, dogo, siku zote alidhani ni la panga. Dirisha alilikumbuka sawasawa, ufa na kila kitu. Angelisahauje? Ndiye alipita hapo! Ila mahali fulani katika miaka hii yote alijitoa kwa lile dirisha akaniweka mimi.

Akaomba msamaha, sauti ndogo. Atasimama Jumamosi aseme mbele ya watu. Nikamsamehe palepale, mshindi ana moyo mkubwa. Halafu nikamwambia, lakini Kailemia, mtu anasahauje kukimbia? Kweli, mtu mzima! Mimi nakumbuka kila sekunde.

Vitabu vimechapwa leo. Nakala mia tatu. Maxine ametuma picha ya ukurasa. Nimemwonyesha kila mteja, hata yule wa dawa ya kupe.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi, chai mezani. Nimecheza ile rekodi tena, labda mara ya hamsini. Kivuti anapaka mkate siagi. Anasikiliza kwa mara ya kwanza vizuri, maskini, nimemchosha.

Akauliza, "Na huyu anayeimba ni nani?"

Nikamwambia hakuna anayeimba. Hapo mwimbaji ameshakimbia.

"Kuna mtu anaimba, mama."

Siwezi kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimesikiliza bila kusikiliza ngoma. Ni vigumu, sikio langu linakimbilia pale pale kwangu. Lakini yuko. Mbali, nyuma ya kelele, bila maikrofoni. Ubeti wa pili wote. Kiitikio. Ubeti wa tatu. Kuna mahali anapiga ukemi, nadhani nyuki amemuuma mdomo, halafu anarudi kwenye wimbo. Ngoma yangu na sauti yake vinaisha pamoja. Regina hakukimbia.

Maikrofoni ilikuwa sakafuni kweli. Niliiona kweli! Ilianguka tu, kwa zile vurugu, naye akaendelea kwa koo. Mimi nikaona maikrofoni, nikamaliza hadithi mwenyewe. Kailemia na dirisha lake, mimi na maikrofoni yangu.

Na nimeisema wapi, hii hadithi? Kila mahali. Niliisema kwenye harusi yake! Nilisimama mbele ya wakwe, wakati wa kutoa zawadi, nikawaambia wamfunge kamba maana huyu akiona nyuki haonekani tena. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Regina alicheka pia. Nakumbuka alicheka. Au nimemchekesha mimi, kichwani mwangu? Sijui tena nakumbuka nini.

Nimempigia. Nikasema nimesikia sauti. Akasema, "Haya." Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniona nilipokuwa nimefura. "Na mimi nilikuwa nimelala, Igoki. Ulimi ulijaa mdomo, nikalishwa uji na mrija siku tano. Nilikuwa nakungoja wewe."

Tulingojana miaka ishirini na sita.

Mbona hakusema? Akasema alisema, mara mbili, mwaka ule ule. Lakini hadithi yangu ilikuwa tamu kuliko yake, na watu hupenda tamu. Hata kanisani Kibugu wanamwita mkimbia nyuki. Amezoea.

Nimempigia Maxine. Kimechapwa kitabu, Auntie. Tutarekebisha toleo la pili. Akauliza kama ningependa asiicheze ile rekodi kesho, iwe rahisi kwangu. Nilifikiria. Naandika ukweli hapa kwa vile hakuna anayesoma — nilifikiria dakika nzima.

Nikamwambia acheze yote. Na anitafutie spika kubwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Meru, ukumbini, kiti cha mbele. Naandika kwa goti, wacha waone.

Regina amekuja! Nilimwambia ni sherehe ya bendi nzima na haitakuwa nzima bila yeye. Sikumwambia zaidi. Ameketi kando yangu, koti la kanisani, mkoba mapajani. Amefungua kitabu ukurasa wetu. Amesoma pale palipoandikwa alikuwa wa kwanza kukimbia. Amefunga. Amesema karatasi ni nzuri.

Kailemia amesimama. Amesema, "Aliyetoka kwa dirisha ni mimi," akainua kidole chenye kovu. Watu wamepiga makofi kuliko angekuwa shujaa! Halafu Maxine akacheza rekodi. Spika kubwa kweli. Ngoma yangu imetikisa mabati. Watu wote wamesimama, wanaita jina langu, Igoki, Igoki, na nasema ukweli, hakuna kitu kitamu kama hiki duniani. Nimekula shangwe yote, sikubakiza.

Wamepiga kelele sana hata sauti ya Regina hawakuisikia. Mwenyewe aliisikia. Niliona midomo yake ikisogea na maneno.

Maxine ananiita kwa jukwaa. Nimemwambia Regina twende. Amesema hapana, ni siku yako, usiiharibu, mimi nimezoea. Nimesema Maxine atairudisha ile rekodi, tutaicheza tena kutoka kwa yowe, na safari hii nitawanyamazisha. Regina anasema watu wataona haya kwa niaba yangu. Waone.

Nimemshika mkono kwa wangu wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Anavuta arudi kitini. Mchuma chai ana nguvu jamani! Ukumbi mzima unatuangalia, Maxine ameita mara ya tatu, na mimi siachilii —