Shingo ya Mhina

Mume wangu Zuberi,

Salamu zako zimefika hapa Handeni. Sisi wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini akiona nakuandikia, wivu unamponya!

Umeuliza mbona nilipiga vigelegele nilipotazama video ya bendi yenu ya roki. Kwanza niliiona shingo yako, imelala juu ya gitaa kama ya mwalimu wako wa gitaa. Jamani! Mimi nilikuwepo shingo hiyo ilipoanza.

Ilikuwa dansi la mchana pale Manundu, Korogwe, enzi za Ujamaa. Mhina ndiye mpiga gitaa la umeme wa kwanza niliyemwona, na spika yake iliendeshwa na betri ya gari. Katikati ya wimbo betri ikafifia, sauti ikawa nyembamba kama ya mbu. Watu wakazomea. Mhina akalaza sikio kwenye gitaa, akaendelea taratibu. Ukumbi mzima ukanyamaza ili umsikie. Tulicheza kwa kunyata, mwili ukinisisimka!

Muda si mrefu, kila kijana mwenye gitaa Korogwe akapinda shingo, hata mwenye betri mpya, na huyo mwalimu wako akiwemo. Nikamwambia Mhina, "Wamekuiga wote." Akacheka: "Dada, shingo wamechukua. Sikio wameniachia."

Sasa tazama tena video yako. Mwimbaji wenu alipokwama, wewe ulipunguza sauti ya gitaa, ukamsikiliza, ukamngoja. Vigelegele nilivipiga hapo, mume wangu. Sikio limefika.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Mwanaidi