Kidonge cha Kupunguza Damu

Majengo, Moshi

Dada Koku,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, ila barua hii usimsomee. Isome kwanza peke yako, kisha utajua mwenyewe cha kumwambia. Ningepiga simu, lakini wewe simu yako kila siku ni spika, na masikio ya Mama hayajazeeka kama miguu yake. Magoti yanamsumbua bado? Na senene mwaka huu mmepata wa kukaanga, au mliwasha taa za kuwanasa bure?

Watu wakiandika barua husema wao ni wazima, hofu ni kwa wanaoandikiwa. Leo nikiandika hivyo nitakuwa mwongo. Mimi si mzima, Dada, na hofu yote iko huku.

Nilikwambia kifua kinanibana nikiranda mbao, na nikipumzika kinaachia. Wewe ukasema nipunguze kazi, mimi nikasema ni vumbi. Basi kikaanza kunibana nimekaa tu kwenye benchi, sijashika hata nyundo, kama mtu amenikalia kifuani na hana haraka ya kuondoka. Jirani yangu, fundi cherehani, akaita bajaji tukaenda hospitali. Wakanilaza siku tano, sindano za tumboni asubuhi na jioni. Daktari ni binti tu, angeweza kuwa mwanangu. Akanieleza kwamba mishipa inayolisha moyo imesinyaa, na mtu akibanwa kifua hali amekaa, maana yake damu imeanza kuganda humo ndani.

"Moyo wako bado haujafa, Baba," akasema, "ila uko mlangoni."

Akanipa dawa. Dada, dawa! Cha kutuliza mapigo, cha kushusha mafuta mwilini, aspirini ndogo, na kingine cha rangi ya waridi cha kuisaidia hiyo aspirini. Halafu vile vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Hivyo havimezwi, unakaa navyo viyeyuke, na kichwa kinagonga mpaka unasahau kifua. Akaniuliza, mbele ya mke wangu, kama natumia dawa za nguvu za kiume, eti hizo ukichanganya na cha chini ya ulimi unaweza kufa. Nikasema situmii. Mama Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia tena akicheka hivyo.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Pale dirisha la dawa kila kibahasha kinaandikwa kwa kalamu ni cha nini. Cha waridi kiliandikwa KUPUNGUZA DAMU, 1x1. Cha aspirini hivyo hivyo. Aliyeandika alimaanisha kupunguza damu kuganda, lakini kibahasha ni kidogo na foleni ilikuwa ndefu. Mimi nikakisoma kama kilivyo. Mama Neema naye akakisoma.

"Yaani wakupunguze damu, na ulivyopauka hivi?" Akampigia simu baba yake kule Old Moshi.

Mkwe wangu unamkumbuka, yule mzee aliyecheza na fimbo kwenye harusi yetu. Kesho yake akateremka mwenyewe. "Mkwe," akaniambia, "nimezika watu wengi. Sijaona hata mmoja aliyekufa kwa kuwa na damu nyingi. Damu inaongezwa, haipunguzwi." Akanipandisha kwake nikapumzike, akachinja mbuzi. Hawa wenzetu wana supu wanaiita kisusio, ya nyama pamoja na damu ya mbuzi, anapewa mtu aliyeishiwa nguvu. Nikapewa bakuli asubuhi, bakuli jioni. Ni tamu, sitasema uongo. Vidonge vingine niliendelea kumeza, vile viwili vya kupunguza damu nikaviacha kwenye mfuko wa koti. Nilijiona mjanja. Mzee anaongeza huku, hospitali wanapunguza kule, si itakuwa kazi bure?

Siku ya tisa nimekaa uani naota jua, kifua kikabana. Nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikaongeza cha pili. Wapi! Jasho likanitoka mpaka viatuni. Walinilaza juu ya ngazi ya mbao, ngazi niliyomtengenezea mzee mwenyewe, wakanishusha nayo mgombani hadi barabarani. Mzee alitangulia mbele anapiga kelele watu wapishe, na njiani hakukuwa na mtu.

Yule binti daktari alipovikuta vidonge kwenye koti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivihesabu, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Baba, nani alikwambia uviache?" Nikamwonyesha kibahasha. Alikisoma mara mbili. Kisha akaniambia kwamba safari hii moyo umeshambuliwa kweli, upande mmoja umekufa, na kilichokufa kwenye moyo hakioti tena. Nikauliza habari ya kwenda Dar kuzibuliwa mishipa. Akasema picha zangu zilishatumwa huko, na wamejibu kwamba mishipa imeziba sehemu nyingi na moyo wenyewe hautahimili.

"Kwa hiyo nikimeza dawa zote sawasawa nitapona?"

"Zitakusaidia usiumie sana, Baba."

Mimi ni fundi. Mteja akiniuliza kama kabati litakwisha Jumamosi, na mimi najua halitakwisha, namjibu hivyo hivyo.

Sasa nameza vyote kwa wakati. Mama Neema anavipanga kwenye kisahani, nafumba macho nameza. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika njiani. Vifaa vyangu nimempa fundi mwenzangu avitumie. Naogopa, Dada. Mchana watu wakija naongea, nacheka, wakitoka naogopa. Na ile safari ya Desemba niliyomwahidi Mama haipo. Daktari anasema siku mbili ndani ya basi sitazimaliza.

Jumapili mkwe alikuja. Habari za mbuzi hazitaji tena. Alikaa na kofia yake magotini, akaulizia mvua za huko kwetu. Halafu akasema, "Mkwe, nimekukatia kipande kwenye kihamba. Pale juu ya mfereji, penye kahawa ya zamani."

Kihamba ni shamba la ukoo, Dada. Hawamkatii mtu wa nje, hata awe mkwe, hata aje na gunia la fedha. Nilifurahi kama mtoto. Nikasema aika, ndiyo asante yao, nikamwambia nikipata nafuu kidogo nitajenga hata banda la mbao, nianze na kuku. Akaanza kulia, mzee mzima, machozi yanamtiririka na hajifuti. Ndipo nikaelewa kipande kile ni cha nini.

Sikukataa. Kunisafirisha hadi kwetu ni kuwatesa bure, na mke wangu na wanangu wako huku. Nisamehe, najua mlitaka nilale karibu na Baba. Na huyu mzee usimchukie, nakuomba. Alinipa kilicho bora nyumbani kwake, na kibahasha nilikisoma mwenyewe kwa macho yangu.

Barua hii anakuletea fundi mwenzangu anayekuja huko harusini. Mpe chai, asiondoke mikono mitupu. Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu aliyenilea, na katekista aliyenifundisha kusoma. Asijilaumu, alinifundisha vizuri.

Mama akiuliza, mwambie mwanawe amepata ardhi Kilimanjaro. Atafurahi sana, maana siku zote ananisema kwamba nimezeekea kwenye chumba cha kupanga. Ukubwa wake usimwambie.

Mdogo wako,
Projestus