Mvua Inayokuja kwa Ubavu

Kaka yangu mkubwa,

Hata kabla sijakuamkia, pokea habari: mdogo wako ana nyota! Tajiri mmoja wa mji wa pili, mwenye nyumba kama uyoga, aliniona niko juu ya paa la dada, akanitaka nije nimwezekee zake. Ndiyo maana barua hii inatoka huku, si kwa dada. Haya, sasa shikamoo. Mgongo umepoa? Shemeji hajambo? Wanangu waambie baba mdogo anawasalimu, na yule mtundu asiguse ngazi yangu.

Mimi mzima, ila nimelowa. Kwetu mvua ni mgeni wa heshima, ikija tunatoka nje kuilaki. Miji ya huku, kaka, mvua ni mpangaji asiyehama. Shati unalianika Jumatatu, Ijumaa bado linakulilia. Na watu wanauza nyanya chini ya maturubai, wanapiga soga kama vile hakuna kitu. Siku ya kwanza nilijivika mfuko wa plastiki kichwani, wenye maduka wakaniuliza kama natoka saluni. Nikawaambia ndiyo, na kesho naenda kupaka kucha rangi. Tukawa marafiki palepale.

Dada alinipokea kwa vigelegele. Mumewe akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, maana mabati yao yalikuwa yameoza, na mama mkwe hakuchoka kumsema dada kwamba ndugu zake hawajawahi kumfaa kwa lolote. Basi dada akawa anamtangazia kila mpita njia kwamba anayegonga kule juu ni kaka yake, fundi wa kuzaliwa. Nami, si unanijua? Nikagonga kwa mdundo.

Mchana alinipandishia chai kwenye ngazi, akaninong'oneza kwamba mvua ya huku haishuki, inakuja kwa ubavu kutoka mlimani, kwa hiyo maungio ya mabati yaupe mlima kisogo, na paa liinuke zaidi. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani, masikio wazi. Nikamjibu dada kwa sauti kubwa kwamba tangu lini mvua ikawa na miguu, yeye arudi kwenye sufuria, paa aniachie mimi. Watu wakacheka. Naye akacheka, akashuka. Nikaezeka kama tunavyoezeka kwetu, paa limelala kama mkeka, maungio yote yanautazama mlima.

Kaka, mvua ilikuja kwa ubavu. Iliingia chini ya kila bati kama mtu anayefunua kitabu. Godoro la mtoto likawa sifongo, unga ukawa uji kabla ya kupikwa. Mama mkwe, amejifunika turubai, akauliza ni fundi gani aliyefanya kazi ile. Nilifungua mdomo. Dada akaniwahi. Akasema kosa ni lake, eti fundi alitaka kuezeka vizuri ila yeye ndiye aliyemwagiza afanye vile. Mama mkwe akamwambia basi hata ndugu akija, yeye humharibia kazi, na mumewe akatazama chini. Mimi mwenye maneno yote yale sikutoa hata moja. Asubuhi nikakusanya nyundo na misumari, nikaaga. Dada aliacha kukamua mablanketi akanifungia viazi vya njiani.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Wasioniulizia nao wasalimie, nisionekane nabagua. Nakuomba uje kwa dada, uje na mimi, tuling'oe lile paa pamoja, nami niseme mbele ya mama mkwe nililoshindwa kusema. Peke yangu nimejaribu, nikaishia kituo cha mabasi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Kelele

Kaka, hakuna tajiri. Nilimtunga asubuhi ile nipate njia ya kuondoka, na dada, miguu ndani ya maji, akanipigia vigelegele.