Siku Niliyosema Siwezi Mbele ya Baba

Ijumaa, Agosti. Doha.

Leo nina mapumziko na sijafanya lolote la maana. Asubuhi nilijaribu kutoka, nikafika duka la hapo chini kununua mkate na vocha, miwani ikajaa ukungu nikasimama mlangoni kama kipofu. Unyevu huu wa hewa wenyeji wanauita rutuba. Kwetu hilo ni neno la udongo mzuri wa kupanda mahindi. Hapa hakioti kitu, unaloa tu.

Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani na simu mkononi kusubiri saa tano.

Naandika haya jioni. Kichwa kinaniuma na sijala, ila nikilala bila kuandika najua nitaamka nikiwa nimeshajisamehe nusu ya mambo.

Nianze mwanzo, maana jambo hili sijawahi kuliandika humu. Figo za baba yangu zilikufa mwaka juzi. Anatakiwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Hana bima. Maisha yake yote amekuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani kwetu, na hakuna mwajiri aliyewahi kumkatia chochote. Bima yake ni mimi. Mshahara ukiingia leo, kesho uko dirisha la malipo la hospitali, na mdogo wangu Mwajuma, anayeishi naye, ndiye anayempeleka na kumrudisha.

Miezi mitatu iliyopita mgonjwa mwenzake Baba alimwambia Mwajuma kwamba kuna msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza. Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali, na barua ya serikali ya mtaa mkononi. Afisa akamuuliza mzee ana watoto wangapi, na wanafanya nini. Mwajuma hajui kudanganya. Akasema dada yuko Qatar.

Anasema kalamu iliwekwa chini hapohapo.

Mtu mwenye mtoto Uarabuni hawezi kuwa maskini. Hata mimi kabla sijaja huku ningesema hivyohivyo.

Lakini yule afisa, Bi Salome, hakumfukuza. Alimweleza kwamba kamati yao inaweza kuangalia kinachobaki mkononi baada ya matibabu. Tulete risiti zote za miezi mitatu pamoja na hati ya mshahara wangu. Ikionekana ugonjwa unameza karibu kipato chote cha familia, Baba ataandikwa asiyejiweza, mtoto awe Qatar au mwezini.

Risiti hazikunitisha. Kilichonikosesha raha ni hati ya mshahara.

Nakiri hapa kwa sababu leo siri yenyewe imekwisha. Baba alikuwa akiamini kwamba mimi ni msimamizi wa wahudumu hotelini. Nilikuwa kweli, kwa miezi saba. Hoteli ilipopunguza watu niliambiwa nichague kurudi nyumbani au kushuka dobi. Nikashuka dobi. Iko chini kabisa, haina dirisha hata moja, na kazi yangu ni kupiga pasi mashuka na vitambaa vya meza hadi miguu inavimba. Kila mwezi nilikuwa nikipanda ukumbini dakika mbili, nasimama karibu na yale maua makubwa, napiga picha, namtumia. Baba alikuwa akiwaonyesha watu wanaokuja kupunguziwa suruali.

Hati ya mshahara haina maua. Imeandika dobi.

Niliikalia siku nne. Aliyenisukuma ni Wanjiku, Mkenya tunayelala naye chumba kimoja, mlinzi kwenye jengo moja kule Lusail. Jumatano alinikuta nimeifungua tena kwenye simu, akavua viatu vyake vya kazi, akaniambia, "Zuhura, tuma hiyo kitu. Huyo ni babako, si bosi. Hawezi kukufuta kazi."

Nikaituma.

Saa tano leo Mwajuma akapiga kwa video wakiwa ofisini kwa Bi Salome. Niliona kwanza feni, halafu rundo la mafaili, halafu Baba. Kofia yake ya kawaida, shati jeupe lililofungwa hadi shingoni. Shingo imekuwa nyembamba, kola imezunguka bila kuigusa. Ni fundi, lazima ameliona hilo kwenye kioo, na hakulipunguza shati.

Bi Salome ni mama wa makamo, ana sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya kwa upole. Alisoma hati yangu kwa sauti kwa sababu, alisema, mzee naye ana haki ya kusikia kinachoandikwa juu ya familia yake. Akafika pale. "Cheo: mpiga pasi, kitengo cha dobi."

Nilitazama ukuta.

Baba akasogea karibu na simu. "Pasi mnayotumia ni ya mvuke?"

"Ndiyo, Baba."

"Hizo nzito. Bega la kulia haliumi?"

"Linauma kidogo."

"Badilisha mkono. Usisubiri liume sana."

Basi. Hakuuliza tangu lini, wala kwa nini. Afadhali angenigombeza, kwa kuwa maneno ya kujitetea nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga wiki nzima, na hayakupata pa kutokea.

Kisha Bi Salome akaniambia, "Binti yangu, nakuuliza mbele ya mzee kwa sababu fomu inataka jibu lako mwenyewe. Kwa kipato hiki, unaweza kumtibu baba yako au huwezi?"

Jibu lilikuwa ndilo tulilolitafuta miezi mitatu. Mwajuma alikuwa amesimama foleni kwa ajili yake, mimi nimetuma karatasi kwa ajili yake. Kumbe kulisema ni kitu kingine. Baba alikuwa ameinamisha kichwa anatazama mkono wake wa kushoto, ule wenye mshipa uliovimba ambapo sindano huingia.

"Siwezi," nikasema.

Bi Salome akanitaka nirudie, sauti haikufika.

"Siwezi."

Nilidhani pale ndipo pagumu pangeishia. Bi Salome akaanza kupanga risiti mezani, wiki kwa wiki, kama mtu anayegawa karata. Katikati akasita. Akahesabu tena. Akamwangalia Mwajuma.

"Hapa pana siku tisa hazina risiti. Zimepotea?"

Mwajuma akamgeukia Baba. Ni Baba aliyejibu.

"Hazikupotea. Sikuja."

Alikuwa akiniambia amekwenda. Kila nikipiga: nimekwenda, nimerudi, nimechoka kidogo, alhamdulillahi. Mwajuma alijua, na alikatazwa kusema. Pesa za siku hizo Baba alimpa anunue unga na mafuta. Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyekuwa napiga picha kwenye maua.

Bi Salome alivua miwani. Alieleza polepole, na nadhani kwake pia halikuwa jepesi. Kamati inahesabu kilicholipwa, haihesabu kilichopaswa kulipwa. Ukitoa siku tisa zile, matumizi yetu yanaonekana madogo, na mshahara wangu unaonekana umebaki. Kwenye karatasi, familia yetu ina nafuu.

Laiti angekwenda kila siku, tungekuwa maskini wa kutosha.

Nimeirudia sentensi hiyo tangu mchana na bado sijui niipeleke wapi. Mzee amekaa nyumbani miguu imejaa maji, pumzi inakata akilala chali, na ile nafuu tu ya kutolipa ndiyo imetuangusha.

Mwisho Bi Salome alipata alichoweza. Kwa idhini aliyonayo yeye, kabla ya kamati, siku moja kati ya tatu za kila wiki Baba atasafishwa bure kwa miezi mitatu. Mbili tulipe. Baada ya hapo turudi na risiti kamili, asiruke hata siku moja, naye atapeleka faili upya. Alisema, "Mzee, nisaidie nikusaidie." Baba akamshukuru kwa adabu sana, kama anavyomshukuru mteja aliyeghairi kushonewa.

Nilimwomba Mwajuma watoke nje, ampe Baba simu. Wakakaa kwenye benchi la korido. Nilikuwa nimekasirika, naandika ukweli. Nikamuuliza kwa nini.

"Si sindano," akasema. "Sindano nimezoea. Ni siku, Zuhura. Nikitoka pale siku ile imekufa, ya pili nalala tu, ya tatu nikipata nguvu ya kukanyaga cherehani, ni zamu ya kurudi. Nikaona nipumzike."

"Ungeniambia."

"Wewe uliniambia?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anauliza saa.

Nilimwomba aende kesho, Jumamosi. Akasema ataona atakavyoamka. Nikamwambia Baba, ni lazima, umemsikia Bi Salome, risiti zisikatike. Akanitazama muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umeganda. Halafu akasema mwadhini ataanza sasa hivi, awahi Ijumaa. Akampa Mwajuma simu.

Wanjiku amerudi kutoka zamu, ameniuliza imeendaje, nimemwambia tumepata siku moja. Akasema, "Si ni mwanzo?" Ameninunulia karaki, chai ya maziwa, imepoa hapa mezani.

Naogopa kitu kimoja, nacho sikumwambia hata yeye. Baba aliponitazama vile, alisikia nini? Nilimwambia nenda usife, au nilimwambia nenda nipate risiti? Mimi mwenyewe nikijiuliza sipati jibu safi. Miezi mitatu hii nimezitamani risiti zake kuliko sauti yake. Nilikuwa nikipiga simu, swali la kwanza: Mwajuma ameiweka risiti? La pili ndiyo hali yako.

Bajaji humfuata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitampigia kabla haijafika, kabla sijashuka dobi. Nitamuuliza alilalaje. Nitamuuliza kama anataka kwenda, na akisema hataki, nitakaa kimya nimsikilize mpaka amalize.

Sijui kama nitaweza.