Nafasi ya muchi wa bibi yako

Kasongo, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Kwa mutoto wangu mupendwa Gédéon, kule Lubumbashi,

Jambo sana, mwanangu. Habari ya mwili? Kile kikohozi kimeisha? Sisi huku tuko wazima, Mungu anatuchunga. Baba yako anakusalimia, goti limepoa, ameanza tena kwenda shamba. Dada yako Célestine iko kwa bwana wake kule Wamaza, wamevuna mupunga muzuri. Kaka yako Déo iko Salamabila na pikipiki yake. Muke wake Olga iko hapa na mimi, na mutoto wao Plamedi ameota meno. Hata jirani Mama Hawa ananiuliza kila siku kama unakula vizuri. Unakula?

Audio ya muziki wenu imefika kwa telefone ya Olga. Tumesikiliza wote jikoni. Nikuambie kweli, kwanza nilifikiri telefone imeharibika. Vile vyuma munavyopiga vinalia, kitu kinakwaruza, kisha kinu. Nikakitambua kinu chetu. Ni ile sauti uliyochukua wakati wa kilio cha bibi yako, tulipotwanga mimi na Célestine, na pigo la tatu tukaliacha wazi, lile lake, vile tunawafanyia wanawake wetu wakifa. Baba yako akatoka nje, akasema ni moshi.

Sasa umeniuliza. Unasema Zéphirin, mukubwa wa kikundi chenu, anataka kuijaza ile nafasi na ngoma ya ordinatere, ile kompyuta yenu, eti muziki mupya haubebi matanga ya mutu mumoja. Wewe umekataa, mumegombana, na siku ya kucheza mbele ya watu inakaribia. Hilo limenitia wasiwasi sana. Wale ndio ndugu zako huko. Ukigonjwa, nani atakupikia uji?

Lakini kuna jambo hujui, maana rezo ya telefone ilikuwa imekatika. Matanga tumeondoa, mwezi uliopita. Shangazi yako Mathilde alimupa Olga muchi wa bibi mbele ya wanawake wote, ashike nafasi ya pigo la tatu. Na Olga unamujua. Hapigi kama bibi. Anapiga mbili mbili, haraka, na anagonga mudomo wa kinu. Mathilde akamuambia, «Wee bibi-arusi, unatwanga ao unawasha pikipiki ya Déo?» Olga akajibu, «Mama, mukono wa bibi ameenda nao. Mimi niko na huu wangu.» Tulicheka mpaka mupunga ukamwagika. Siku hizi nikitwanga bila yeye, naona kinu kimelala.

Basi usigombane tena. Nafasi ijazwe, bibi yako hatakasirika. Ila usiiachie ordinatere. Shika chuma chako, piga wewe mwenyewe namna unavyosikia. Ikitoka ya ajabu, itoke. Muambie Zéphirin ni mama yako amesema, na asikufukuze, mimi namuombea yeye pia.

Unisalimie Mama Aicha anayekupangisha nyumba. Unga wa muhogo Olga ameufunga, utafika na mutu. Mungu aweke mukono wake juu ya kichwa chako.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
Sidonie

Mukimaliza kucheza, utume audio siku ile ile, usinicheleweshe. Pigo la tatu nitalitambua, hata kama telefone itakuwa imeharibika.