Daftari la Vipimo na Chupa Nyuma ya Maziwa

Mpendwa Mama Igihozo,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, fundi cherehani hapa Mbugangari, hatua chache tu kutoka Petite Barrière, mpaka wa kuvukia Goma, na kwenye friji yangu, nyuma ya maziwa, kuna chupa ndogo ya unga mweupe ambayo wifi yangu Bushira ameniletea kutoka Goma, naye anataka Jumamosi hii auchanganye na maji anichome sindano tumboni ili nipungue mwili.

Wanaiita peptidi. Bushira mwenyewe anaichoma na kwa kweli amependeza, shingo imetokeza, anapanda mlima bila kuhema, nami sitakuficha, namwonea wivu. Lakini si wivu peke yake. Mwezi uliopita kwenye kituo cha afya waliniambia sukari yangu imeanza kupanda, na sukari ndiyo iliyomwondoa mama yangu, kwanza mguu, halafu yeye mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa namwosha kidonda, kwa hiyo siku hizi nikisikia neno hilo naogopa, naiacha cherehani.

Basi nikaanza kuchunguza. Maandishi ya chupa ni Kiingereza, nikayapiga picha simu initafsirie, ikasema ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nikamwuliza Bushira, akaangua kicheko. "We Saidati, ile wanaandika tu juu ya douane, ipite forodha! Mi nachoma, niko muzuri, sikufa. Donc utabaki munene mupaka lini?" Nikaipeleka kwa mfamasia mmoja anaitwa Karenzi, akaigeuza mkononi, akasema, "Mama, dawa za namna hii ziko, na muganga anaandikiaka watu. Lakini hii chupa, mi sijui nani aliifunga, na ndani iko nini."

Halafu nikafungua daftari langu. Mama Igihozo, nina vipimo vya wateja wa miaka minane, kifua, kiuno, nyonga na mkono, na kati yao wapo tisa ninaojua wanachoma dawa anayouza Bushira, maana mtu akishanyanyua mikono apimwe humwambia fundi kila kitu. Siku mbili nzima nililinganisha vipimo vya kabla na vya baadaye. Viuno vimepungua, hilo ni kweli kabisa. Ila mikono nayo imeisha, mabega yamelegea ndani ya nguo, na wawili walioacha sindano wameniletea magauni niliyoyabana ili niyaachie tena. Sita wanaendelea na wanafurahi. Wa tisa ni Mukabera wa Rubona, nilimbania gauni la zambarau mara tatu kwa ajili ya harusi ya kaka yake, harusi imepita, gauni bado linaning'inia hapa na simu yake haipatikani, nadhani alipata fundi mwingine, kwa hiyo huyo nimemwacha.

Wanane wote ni wazima. Bushira anasema nikichoma mimi, wanawake wa mtaa mzima watafuata, kwa sababu wananiamini. Hapo ndipo ninapokwama. Nichome au nisichome?

Fundi wa Mbugangari

*

Fundi mpendwa,

Pokea hongera yangu kwanza, na ni ya moyoni. Wengi huniandikia wakiwa wameshameza, wameshapaka, wameshachoma, halafu wananiuliza wafanye nini na vipele. Wewe umeuliza kabla. Umesoma maandishi, umemsumbua mfamasia, na ukatumia daftari la kushonea magauni kuona kitu ambacho wauzaji hawakisemi: kwamba mwili unaopungua haraka hupunguza na misuli, na kwamba ukiacha sindano kiuno hurudi. Nimemsomea daktari mmoja barua yako bila kutaja jina. Akasema, "Uyu mama, natamani wanafunzi wangu wamuone."

Sasa nikugombeze. Dawa usiyoijua inakaaje na maziwa ya kunywa? Itoe leo, umpelekee Karenzi, yeye anajua pa kuitupa, usiimwage kwenye sinki. Na majina ya wateja usiyaandike tena kwenye barua yoyote; kabla ya kuichapa hii gazetini nimeyabadilisha yote, lako pia. Mtu akikunyanyulia mikono amekukabidhi siri.

Jibu langu ni usichome. Dawa halisi za aina hiyo zipo, zinasaidia watu, tena wenye sukari kama wewe, lakini huandikwa na daktari aliyepima damu yako, anayekupa kidogo kidogo na anayejua la kufanya tumbo likikukaza au ukitapika bila kukoma. Bushira hajui. Rudi kituo cha afya na ile karatasi ya sukari, waeleze habari za mama yako na mguu wake, uulize kuhusu dawa, chakula na kutembea. Hofu yako ni ya haki kabisa, mwanangu, na ndiyo maana haifai kutibiwa na chupa isiyo na mwenyewe.

Na wifi yako mwambie hivi bila kupiga kelele: wanawake wananiamini kwa sababu sijawahi kuwadanganya kipimo.

Limebaki moja, na hili limeninyima raha tangu nilipoifungua barua. Umeandika wanane wote ni wazima. Ni wazima kwa sababu ndio waliorudi dukani kwako. Daftari lako, pamoja na uzuri wake wote, huwaandika wanaokuja kupimwa tu. Hakuna mwanamke anayebaniwa gauni mara tatu kwa ajili ya harusi ya kaka yake kisha akaliacha likining'inia, akazima na simu. Umeona kila sentimita, fundi, ukamruka mtu.

Jumamosi hiyo hiyo uliyopangiwa sindano, likunje gauni vizuri, panda gari la Rubona, uulize nyumba kwa nyumba mpaka uonyeshwe kwa Mukabera. Ukimkuta kitandani, usiondoke mpaka apelekwe hospitali. Futi yako ya kupimia iache nyumbani.

Mama Igihozo